Joto Limekwenda Wapi? Kutafuta Ubovu wa Hita, Vikaushio na Majiko ya Umeme kwa Wasindikaji Wadogo

"Mwanangu, hita hii inatumaliza. Inakula uniti kama moto unavyokula makuti."

Aliniambia hivyo mama mmoja wa kikundi cha kusindika embe na mwani huku Pemba, na tangu siku hiyo nimeyasikia maneno hayo kwa vinywa vyengine vingi. Nikifika, mara nyingi nakuta mtu keshawashauri wanunue hita kubwa zaidi, au ile anayodai "haili umeme". Fedha za kikundi zinatoka, hita mpya inafungwa, na uniti za Tukuza, ile mita ya kulipia kabla, zinaendelea kushuka kama zamani.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, elewa jambo hili. Elementi, yaani ule mrija wa chuma wenye waya ndani, hugeuza karibu umeme wote unaoingia kuwa joto. Ya bei ghali na ya bei rahisi, kwa uniti moja zinatoa joto sawa. Kwa hiyo mashine ikila uniti kupita kiasi, hita si ya kulaumiwa kwanza. Joto limetoka, ila halikufika kwenye chakula. Kinachokwenda kinyume na kanuni hii ni pampu ya joto tu, kwa sababu yenyewe hailizalishi joto bali hulihamisha. Nitaigusa nikifika kwenye vikaushio.

Hesabu ya kutembea nayo ni hii: chukua lita za maji, zidisha kwa nyuzi unazotaka zipande, gawa kwa 860. Jibu ni uniti, yaani kilowati kwa saa moja. Tuseme unapasha lita 60 kutoka nyuzi 28 hadi 85. Tofauti ni nyuzi 57, na 60 mara 57 gawa kwa 860 ni karibu 4. Hizo uniti 4 ni haki ya maji yenyewe, hakuna atakayekupunguzia. Ukitumia 5 unafanya kazi nzuri. Ukitumia 8, kuna uniti 4 zimepita njia nyengine. Hesabu inafaa pia kwa juisi na maziwa, kwani sehemu kubwa yake ni maji.

Soma mita kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, uandike kwenye daftari. Bila daftari tutabaki kubahatisha.

Maji yanachelewa kupata moto

Anza na umeme, hita baadaye. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Hita ya kilowati 3 imepigiwa hesabu ya volti 230; ikipata 190 inatoa kilowati 2 na kidogo tu. Zile lita 60 ambazo zingehitaji saa 1 na dakika 20 sasa zinataka karibu saa 2, na zaidi ukihesabu kinachovuja. Hita hapo haijaiba kitu, kwa kuwa nguvu ikipungua na uniti zinaingia pole pole. Hasara iko kwenye muda: pipa linakaa moto dakika 40 au zaidi ya kawaida, likipoza ubavuni na kutoa mvuke juu.

Mwambie fundi apime volti mara mbili huku hita inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Kipimo cha kwanza kwenye mita, cha pili kwenye soketi ya hita. Vyote viwili vikisoma 195, umeme unaingia mdogo tangu nje, jambo linalowapata walio mwisho wa laini. Andika tarehe na saa, peleka taarifa kwa shirika la umeme, na wakati unangoja, hamisha kazi ya moto. Jioni kuanzia saa 1 mpaka saa 4 kila nyumba imewasha taa, feni na friji. Alfajiri volti hupanda, na vikundi vilivyohamisha uchemshaji kwenda baada ya sala ya alfajiri viliona tofauti bila kununua chochote.

Lakini mita ikisoma 225 na soketi ikasoma 200, tatizo ni lako, na ni la haraka. Waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 30 kwa hita hiyo unapoteza volti 9 hivi. Volti 25 hazipotei kwenye waya usio na kasoro. Nyingi zinapotea kwenye kiungo kilicholegea. Zidisha 25 kwa ampia 11 zinazopita: wati 280 hivi zinawaka ndani ya ukuta au ndani ya plagi. Gusa plagi baada ya kuzima meni switchi. Ikiwa moto, au plastiki imebadilika rangi, usiirudishe tena. Hewa yetu ya chumvi huozesha shaba ikawa kijani, na kila kijani kinapozidi, joto la kiungo linazidi. Plagi ya pini tatu ya ampia 13 haikuumbwa kubeba kilowati 3 kutwa nzima. Hita ya namna hiyo ifungwe moja kwa moja kwenye swichi yake, na waya wa milimita 2.5 au 4.

Volti zikiwa nzuri, sasa pima elementi ikiwa imekatwa umeme kabisa. Ya kilowati 3 isome omu 17 au 18. Ikisoma wazi, yaani kipimo hakipati njia kabisa, imekatika ndani. Kwenye mapipa yenye elementi tatu za fezi tatu, watu hukaa miezi na moja iliyokufa bila kujua, kwa sababu maji bado yanachemka. Zilivyofungwa ndivyo zinavyokujulisha: zikiwa za nyota (ncha moja ya kila elementi imeunganishwa na za wenzake) zenye waya wa nyutro, kufa kwa moja kunabakisha theluthi mbili za nguvu, zikiwa za nyota zisizo na nyutro, kunabaki nusu tu, kwani mbili zilizobaki zinagawana volti 400. Kazi ikichukua mara mbili ya muda wake wa kawaida, hapo ndipo pa kuanzia.

Baadaye angalia juu ya pipa. Kila lita inayopanda kama mvuke imechukua uniti 0.63. Weka alama ya kimo cha maji mwanzo na mwisho. Zikiwa zimepungua lita 3, karibu uniti 2 zimetoka mlangoni. Kifuniko, hata cha ubao uliochongwa vizuri, ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyowahi kuvipendekeza. Ubavuni vika pipa koti. Sufi ya mawe ikipatikana ni bora, lakini kwa vyombo visivyopita nyuzi 100 nimeona usumba uliokaushwa vizuri, uliofungwa ndani ya bati, ukifanya kazi ya kuridhisha. Usumba uwe mbali na waya, na usiutie kwenye oveni hata siku moja, kwa sababu unashika moto.

Na ukoko mweupe? Sehemu za kisiwa chetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa, na chokaa hujitenga maji yakipata moto. Watu husema ukoko unakula umeme. Kwa elementi iliyozama ndani ya maji si kweli sana: joto halina pa kwenda isipokuwa majini, hata likichelewa. Madhara yake ni kwamba elementi chini ya ukoko inapata moto kupita uwezo wake na kuungua mapema. Pale ambapo chombo kinapashwa kutoka nje, kwa sahani chini au kwa koti la mvuke, hapo ndipo ukoko unapokula uniti, maana joto linarudi nyuma na kutokea pembeni. Dawa ni moja kwa zote: siki au maji ya ndimu ya kutosha kufunika, ya uvuguvugu, yaache usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi laini na usuuze. Usigonge kwa nyundo wala kisu. Mrija ukipata ufa, maji yanaingia kwenye waya.

Breka inaanguka asubuhi ya kwanza baada ya mapumziko

Hii nataka muisome pole pole, kwa kuwa ndiyo inayoua watu.

Kikundi kimefunga kazi wiki tatu, tuseme masika. Wanarudi, wanawasha, breka ya kuvuja umeme inaanguka papo hapo. Hita ni ile ile, siku ya kufunga kazi ilikuwa salama. Mtu anatoa wazo: iondoe breka, au ifunge waya ipite pembeni. Mikono imelowa, sakafu ina maji, miguu iko kwenye ndara au mitupu. Breka ile huanguka kwa miliampia 30 tu zinazopotea njia, kiasi kidogo kuliko kile kinachosimamisha moyo. Kuiondoa ni kukubali kwamba siku moja atakayebeba umeme ni mmoja wenu.

Sababu kwa kawaida ni unyevu. Ndani ya elementi, waya umezungukwa na unga mweupe wa magnesia unaozuia umeme usifike kwenye mrija. Unga huo hunywa maji kutoka hewani kupitia ncha zake, na hewa ya Pemba wakati wa mvua haina uhaba wa maji. Hita ikifanya kazi kila siku inajikausha, ikilala, inalowa.

Jaribu hivi. Chomoa vifaa vyote, rudisha breka, kisha chomeka kimoja kimoja. Kinachoiangusha umekijua. Fundi apime kwa mega, kile kipimo cha uvujaji kinachotumia volti kubwa, kati ya pini na mwili wa mrija: chini ya megaomu 1, haiko tayari. Mita ya kawaida inaweza kukudanganya hapa, kwa kuwa haipimi kwa volti kubwa. Itoe elementi, ikaushe ndani ya oveni kwa nyuzi 120 hadi 150 kwa saa kadhaa, ipime tena. Ikipanda, ziba ncha kwa silikoni inayohimili joto. Isipopanda, mrija umetoboka, inunuliwe nyengine. Hapo kweli hita ndiyo mbovu.

Wakati uko hapo, hakikisha waya wa athi, ule unaokwenda ardhini, umefika kwenye mwili wa chombo na si umekatwa nyuma ya plagi. Nimeukuta umekatwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kikaushio kinawaka siku mbili na embe bado laini

Kukausha ndiko kunakokula umeme kuliko kazi zote za usindikaji, na hakuna ujanja wa kukwepa hesabu yake. Kilo 20 za embe zilizokatwa zina maji ya kama asilimia 83. Ukitaka zibaki na asilimia 15, lazima utoe kilo 16 za maji. Kwa joto la kikaushio, kila kilo inadai uniti 0.66, yaani karibu uniti 10 na nusu kabla ya hasara yoyote. Kikaushio cha kawaida cha hita na feni hutumia mara mbili mpaka tatu ya hapo. Kwa hiyo uniti 25 si wizi. Uniti 50 ni ugonjwa.

Tatizo la kwanza kwetu ni hewa yenyewe. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 haipokei maji mengi. Ipashe mpaka nyuzi 55 na unyevu wake unashuka kwenye asilimia 21 hivi. Sasa ina kiu. Ikipita kwenye trei inashiba, na ikishiba lazima itoke. Hapa pana makosa mawili yanayopingana. Kuna anayefunga tundu la kutokea ili "joto lisipotee", akabaki anapika embe kwa mvuke. Kuna anayeacha wazi kabisa mwanzo hadi mwisho, akawa anapasha joto anga ya Micheweni. Weka kipimo cha unyevu, vile vidogo vya bei nafuu, kwenye tundu la kutokea. Saa za mwanzo hewa inatoka na unyevu mwingi, acha wazi. Ikianza kutoka kavu, asilimia 25 au 30, unatupa joto zuri. Punguza tundu na urudishe sehemu kubwa ya hewa ndani izunguke tena.

Trei za juu zimekauka, za chini mbichi? Hewa inapita njia ya mkato. Angalia kama feni inazunguka upande sahihi. Ya fezi tatu ikibadilishiwa waya mbili inarudi nyuma, na bado inapiga kelele ile ile. Ziba nafasi za pembeni kati ya trei na ukuta, kwa sababu hewa hupenda pasipo na kazi.

Nje kugumu, ndani kuna maji: ulianza na moto mkali. Ngozi imefunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Anza nyuzi 45 hadi 50 kwa saa za kwanza, ndipo upande. Na pima unene wa vipande kwa rula, usikisie. Muda wa kukauka hufuata karibu mraba wa unene. Kipande cha milimita 8 kinataka kama mara mbili na nusu ya muda wa kile cha milimita 5. Kisu kikali na mkono mmoja unaokata sawa huokoa uniti kuliko hita yoyote.

Kuhusu karafuu, kila mwaka naulizwa, kwa kuwa vuli huwakuta watu na karafuu zimetandazwa kwenye mabusati na mawingu yameshuka. Umeme unaweza kuokoa karafuu ambayo ingeoza, ndiyo. Ila mimi sipiti nyuzi 50. Karafuu thamani yake ni mafuta, na harufu tamu inayojaa chumba cha kikaushio ni mafuta yanayotoka kwenye gunia lako. Jua likipatikana, hata nusu siku, litumie kwanza, kisha hita imalizie. Hivyo hivyo kwa mwani: jua la ufukweni la asubuhi hutoa maji mengi bure, nacho kikaushio kibaki kwa ule ukaushaji wa mwisho kabla ya kusaga unga.

Sasa ile pampu ya joto. Inafanya kama kiyoyozi kilichofungiwa ndani ya kikaushio: upande wa baridi unakamua maji kutoka kwenye hewa iliyoshiba, upande wa moto unaipasha tena hewa ile ile. Iliyotengenezwa vizuri hutoa kilo 1 hadi 3 za maji kwa uniti moja, kwa hiyo zile kilo 16 zinaweza kutoka kwa uniti 8 au 10. Kwa hewa yetu ya unyevu ni chombo kinachostahili, ila kwa kikundi kinachokausha mwaka mzima, si kwa cha msimu wa wiki sita. Ikipoteza nguvu, tazama kwanza kama maji yanadondoka kwenye bomba lake. Yasipodondoka wakati trei zimejaa, aidha chujio limeziba kwa vumbi la chakula, mlango unavuja, au gesi imepungua.

Joto halitii kidhibiti

Umeweka nyuzi 60, linafika 80 na kuendelea. Mara nyingi swichi ya kielektroniki inayowasha hita imeungana ndani, na swichi hizi zikifa kwa kawaida hufa zikiwa zimewashwa. Zima kidhibiti peke yake: hita ikiendelea kuwaka, umepata jibu. Inapobadilishwa ifungwe kwenye kipande cha alumini chenye mbavu za kupoza, na iongezwe kikata joto cha pembeni kisichotegemea kidhibiti.

Namba inashuka kadiri kunavyopata moto? Waya mbili za kihisi joto zimefungwa kinyume, zigeuze. Hili ni la hatari kuliko linavyoonekana, kwani kidhibiti kinaona baridi na kuongeza moto bila kikomo.

Unashuku kipimo? Sisi tuko usawa wa bahari, maji yanayochemka hapa ni nyuzi 100. Chovya kihisi humo, kisha kwenye barafu iliyosagwa yenye maji kidogo, kisome 0. Kikikosea nyuzi 5 kwenye maziwa unayoyapasha nyuzi 63 kwa dakika 30, umewauzia watu maziwa yasiyo salama ukiamini yamekamilika.

Jiko la induksheni halikubali, au linaunguza katikati

Jiko hili linapasha chuma cha sufuria chenyewe, ndiyo maana hasara yake ni ndogo. Sumaku isiposhika kitako, jiko halitafanya kazi, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Karai la shaba la halua nalo halikubali.

Jamaa mmoja wa Wete alijaribu halua kwenye sufuria jembamba la chuma. Wanga ukashika katikati, duara la ukubwa wa koili, pembeni bado maji. Kitako kiwe kinene, moto uwe wa wastani, na mwiko usisimame. Kuyeyusha sukari na kupasha samli, induksheni inafaa sana. Kuikaza halua mpaka iachie karai, bado namshauri mpishi abaki na moto anaoujua mpaka apate chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Sitaki mtu apoteze mpiko mzima wa iliki na zafarani kwa ushauri wangu.

Likizima baada ya dakika chache, geuza jiko: matundu ya feni chini yamejaa unga na mafuta. Safisha kwa brashi kavu.

Vimetoka vikavu, kesho vimelainika

Hapa kikaushio hakina kosa, na kurudisha mzigo ndani ni kulipia maji yale yale mara ya pili. Unga wa mwani una chumvi, na embe lina sukari. Vyote viwili hunyonya unyevu wa hewa. Vikifungwa vikiwa bado moto, mvuke wake unageuka maji ndani ya mfuko. Vikiachwa wazi usiku, vinakunywa umande. Toa trei mchana, funika kwa kitambaa safi, vipoe kama nusu saa mpaka mkono usihisi joto, kisha vifungwe papo hapo kwenye mifuko minene, hewa ikamuliwe, na mdomo uchomwe kwa mashine ya kuzibia. Mfuko mmoja utie kile kipimo kidogo cha unyevu, uuache siku mbili rafuni, ndipo uamue kama kundi zima liende sokoni.